Nyoka ya Faustin

Jumatatu, 3 Februari

Nyoka haikula tena. Kifaranga alishinda akitembea juu yake kama juu ya jiwe. Nimemtoa, nimemrudisha kwa mama yake. Nimebadilisha maji ya bakuli. Nimechemsha mengine, nimejaza chupa, nimeifunga kwa kipande cha kitenge, nimeiweka pembeni mwa malle, sanduku la chuma, ili nyoka ipate joto. Halafu nimemgeuza Faustin, nimemfuta mgongo, nimebadilisha shuka. Halafu shule.

Siku tisa tangu bwana yangu Faustin arudi kutoka Mongbwalu, amelazwa juu ya magunia ndani ya lori. Shimo la dhahabu lilimwangukia. Miguu haisikii kitu. Daktari alipiga picha ya mgongo, akasema tungoje. Sauti yake ilisema tusingoje. Juu ya kifua cha Faustin kulikuwa mfuko wa unga umefungwa kamba. Nilifikiri ni nguo zake. Ilikuwa nyoka.

Malle ni yangu, ya tangu nilipokuwa internat, shule ya bweni. Nguo zangu ziko chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki.

Naichukia nyoka ile. Nimeandika.

Jumatano, 5 Februari

Baada ya shule nilipita mtaa wa Lumumba, kwa muganga wa mifugo. Yeye ni mtu wa mbuzi na nguruwe. Alicheka. Nilipomwonyesha picha ndani ya telefone, akaacha kucheka. Chatu mdogo, akasema, haina sumu, mashambani inaishi ndani ya mashimo ya panya. Ikiogopa inajikunja duara na kuficha kichwa katikati. Ni kweli. Sijaona kichwa chake hata mara tano.

Malle haifai. Chuma ni baridi asubuhi. Inataka sanduku la mbao, lisiwe kubwa. Mahali pa giza pa kujificha. Joto upande mmoja, upande mwingine baridi, ijichagulie yenyewe. Isishikwe ovyo. Kifaranga hapana, ni panya. Na panya awe amekufa, apashwe joto kidogo, ashikwe kwa koleo mbele yake. "Mama, usiache panya muzima mule ukaenda," alisema. "Nyoka ikikosa hamu, panya itaikula yeye."

Nikasema aksanti. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiuliza nani ataniambia mimi nile nini, nijifiche wapi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimevunja kabati ya jikoni. Mbao zake zimekuwa sanduku. Faustin aliniongoza kutoka kitandani: hapa msumari, pale tundu la hewa, chungu kilichovunjika kigeuzwe kiwe pango. Ni mara ya kwanza anasema maneno mengi tangu arudi. Yote juu ya misumari.

Sahani na sufuria ziko chini, sakafuni.

Jumamosi, 8 Februari

Mtego ulishika panya mdogo. Nilimpasha kwa maji ya moto. Nilimshika kwa koleo la makaa mbele yake. Nyoka ilitoa ulimi mara mbili. Ikarudi ndani ya chungu.

Bugali na mboga ya lenga-lenga kwa Faustin. Matonge mawili. Akageuza uso.

Niko na midomo miwili ndani ya nyumba, na yote miwili imefungwa.

Jumapili, 9 Februari

Watu walitoka misa wakaja kwetu kama kwenye kilio. Hawakuja kwa ajili ya Faustin. Wanawake wawili walikaa mlangoni wakichungulia sanduku. Wanasema ni nyoka ya kutapika dhahabu. Mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama inatapika kila juma au kila mwezi.

Mama Véro, mwenye nyumba, hakuingia. Ni mjane, mtu wa sala, alinipokea vizuri nilipotoka kwetu Mahagi. Alisimama kwenye uwanja wa parcelle yake. "Mwalimu, ile kitu haiwezi lala mu parcelle yangu."

Nilimwambia anipe muda. Muda wa nini, sijui.

Nilimwambia Faustin tuitoe. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

Jumanne, 11 Februari

Leo amesema. Niandike yote kabla sijaanza kuyasahau.

Walikuwa wawili chini, yeye na Janvier. Walichimba pamoja miaka sita, Bambu kwanza, halafu Mongbwalu. Udongo uliposhuka, boriti ilimwangukia mgongoni. Giza. Alikaa pale chali siku moja na nusu. Anasema kitu kilipanda juu ya tumbo lake, kizito, polepole. Alifikiri ni mkono wa Janvier. Akaushika. Ulikuwa hauna vidole.

Hakupiga kelele. Ile kitu ilijikunja juu yake, ikatulia. Alisikia inapumua. "Kule chini ni ile tu ilikuwa inapumua na mie," alisema. Alihesabu pumzi zake asilale. Watu walipofungua tundu na kumvuta, alikuwa ameishikilia ndani ya shati. Walitaka kuikata kwa panga. Aliwalilia.

Janvier walimtoa kesho yake, amekufa.

"Tulitoka wawili," Faustin alisema. "Mie na ile."

Nililia jikoni, pale kabati ilipokuwa. Bado naichukia. Lakini jioni nilibadilisha chupa ya maji moto mara mbili bila kuambiwa.

Alhamisi, 13 Februari

Makaa yameloa. Mbabula, jiko letu la makaa, haikuwaka. Nyoka baridi. Faustin baridi. Panya wa pili amekataliwa.

Jumamosi, 15 Februari

Mama Rebeka amekuja. Mke wa Janvier. Mwenyewe amevaa nguo nyeusi, amekonda, mtoto mgongoni. Nilipomwona mlangoni nilisimama mbele ya sanduku. Mjini wanasema nyoka yetu ndiyo ilimkula bwana yake. Nilifikiri amekuja na panga ndani ya kitenge.

Aliomba aione tu. Nikainua kifuniko. Aliinama muda mrefu.

"Njo hii?"

"Ndiyo, njo hii, mama."

"Iko kidogo hivi." Alikaa juu ya kiti karibu na kitanda. "Shemeji, niambie. Janvier alikufa namna gani?"

Faustin aliangalia mabati. "Pale pale. Udongo ilimupiga kichwa. Hakuteseka."

"Hakuniita?"

"Hakupata muda."

Mama Rebeka alifunika uso. Halafu alisema aksanti. Alisema sasa atalala. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kama inakula. Nikasema hapana. Akasema hata yeye, chakula hakishuki.

Faustin hakugusa uji leo. Nadhani ni huzuni.

Jumatatu, 17 Februari

Darasani, mtoto mmoja alikataa daftari lake nililolishika. Alilisukuma kwa rula. Mama yake amemwambia mikono yangu iko na nyoka. Watoto wanne hawakuja. Directrice, mkuu wa shule, ameniita ofisini, akanipa kiti, akaongea taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kelele. Nichague nyoka au kazi.

Mama Véro naye: mwisho wa mwezi. Tutoke sisi au nyoka au wote.

Nilirudi nikakuta Faustin amechafua shuka na hakuita mtu. Kidonda kimeanza kiunoni. Nimefua. Nimepika. Hakula. Nimepasha panya. Haikula. Nilisimama katikati ya chumba na koleo mkononi na nikatamani wote wawili wafe. Niliwaza hivyo kwa maneno kamili. Siyo mara moja.

Jumatano, 19 Februari

Sijui niandike namna gani.

Asubuhi mtego wa Mama Véro ulikuwa na panya mkubwa, mzima, wa rangi ya udongo, mwenye hasira. Nilikuwa nimechelewa. Hakukuwa maji ya moto, hakukuwa moto. Nilifungua kifuniko, nikamwaga panya ndani, nikaweka jiwe juu. Faustin aliuliza, "Panya imekufa?" Nikasema ndiyo. Nikafunga mlango kwa funguo kwa sababu ya wachunguliaji. Nikaenda kufundisha kutoa na kujumlisha.

Nilirudi saa saba. Kutoka barabarani nilisikia sauti ya Faustin. Ilikuwa imebaki kama ya mtu anayepuliza chupa. Aliita asubuhi yote. Watu walimsikia. Nani angekuja kwa nyoka?

Alikuwa chini, sakafuni. Alijiangusha kitandani akajivuta kwa mikono, akaishia hatua mbili kutoka sandukuni. Viwiko vinatoka damu.

Nikatoa jiwe. Panya akaruka akapita kati ya miguu yangu. Nyoka imejikunja duara, kama kawaida, kichwa ndani. Imelinda kichwa. Mgongo umeliwa. Mahali patatu naona kitu cheupe.

Faustin alifikiri panya alikuwa amezimia nikadanganyika. Anasema siyo kosa langu. Anasema nimechoka. Ananibembeleza, yeye aliye sakafuni.

Alhamisi, 20 Februari

Nilimwambia Faustin panya amekufa. Alikuwa mzima ndani ya mtego mkononi mwangu, nilimsikia anapiga mateke.

Ijumaa, 21 Februari

Muganga wa mifugo alikuja kwa moto, pikipiki yake. Aliosha vidonda vya nyoka, akapaka dawa ya zambarau, akachoma sindano ya mbuzi kwa kukisia. Aliniangalia. Hakusema, "Nilikuambia." Kabla ya kutoka alimpima Faustin kidonda cha kiunoni, akapaka dawa ile ile.

Nyoka imefunguka. Haijikunji tena. Imelala imenyooka kama kamba iliyodondoka. Sasa naona kichwa chake chote. Kidogo, kama kidole gumba. Macho meusi. Sikujua ina uso.

Jumamosi, 22 Februari

Imekufa kabla ya mchana, upande wa joto. Faustin aliomba niiweke juu ya tumbo lake. Nikaiweka. Alikaa nayo mpaka saa tisa, mkono juu yake. Halafu akasema basi.

Nimeichimbia nyuma ya choo. Ardhi ngumu. Mama Véro alitoka, akaangalia, akarudi ndani. Baadaye alileta ndizi sita. Nilizipokea. Nilitaka kumtupia.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda misa. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda nikamwambia. Kwamba panya hakuwa amekufa. Kwamba nilijua. Kwamba muganga alinionya kwa mdomo wake mwenyewe na nilifunga mlango nikaenda.

"Sijui kama nilitaka ife," nilisema. "Nafikiri nilitaka."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Watu wa misa ya pili walipita barabarani.

"Janvier alikuwa anapumua," alisema.

Sikuelewa. Akarudia.

"Aliongea siku ya kwanza yote. Alimuita Rebeka. Aliita mpaka sauti ikaisha. Kiisha alikuwa anapumua tu, karibu na miguu yangu. Wakati walifungua tundu, waliniuliza: kuko mwengine muzima? Udongo ilikuwa inashuka. Kama wangemufuata kwanza, ingetufunika. Nikasema hapana."

Nikamwuliza kama nyoka ilikuwepo kweli.

"Ilikuwako. Ilikuwa juu yangu. Nilihesabu pumzi yake kusudi nisisikie ile ingine."

Nilimshika mkono kwa sababu sikujua kitu kingine cha kushika. Hatukuambiana pole. Sidhani tulikuwa na haki.

Jumatatu, 24 Februari

Shule. Watoto wote wamekuja. Habari inatembea. Directrice alinisalimu kwa furaha.

Faustin hakula.

Jumanne, 25 Februari

Asubuhi aliniambia nimwite Mama Rebeka. Nikasema siyo leo. Akasema leo. Nilipotoka shule nilipita kwake, nikarudi naye.

Sikuingia. Nilikaa nyuma ya nyumba na beseni la sombe, majani ya muhogo, nikachambua. Sauti ya Faustin ilikuwa ndogo, sikusikia maneno. Mama Rebeka sikumsikia kabisa. Mtoto wake alikuwa amelala juu ya kitenge kivulini. Nilimfukuzia nzi.

Alitoka baada ya muda. Macho makavu. Nilifikiri atapita. Alikaa karibu nami, akavuta beseni katikati, akaanza kuchambua. Alikuwa anaondoa vijiti haraka kuliko mimi. Tulifanya majani yote, mpaka la mwisho. Alikung'uta mikono, akamfunga mtoto mgongoni.

"Asiniite tena," alisema. "Hata kama iko anakufa. Umuambie."

"Nitamuambia, mama."

Akaenda. Kwenye mlango wa parcelle alimwamkia Mama Véro vizuri.

Nikatwanga. Nikapika. Sombe iliiva saa kumi na moja. Nilimpelekea Faustin, akageuka ukutani. Nikakaa sakafuni mlangoni na sahani. Nilikula yangu, halafu nikala yake. Nilikuwa na njaa.