Mseto wa Mgongo

Fundi wangu Spesioza,

Mwakeye, salamu zikufikie huko uliko. Ni mimi Adela, mwanafunzi wako uliyezoea kumwita Bi Mshono Kombo. Juzi nilirudi kutoka Kibondo kwa mdogo wako, Mama Renata, na nina mengi ya kukuambia. Mengine hutayapenda. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mshono uliokosewa unafumuliwa, haufichwi kwa pasi, kwa hiyo vumilia.

Tangu ututoke, baraza letu la kushonea hapa Kasulu limebadilika. Uliondoka maharage yakitoa maua. Sasa yameshavunwa, na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya bobini. Cherehani yako iko pale pale chini ya dirisha, naishonea mimi. Wateja wa kambi ya Nyarugusu bado wanakuja na vitenge vyao, wanauliza, "Mama fundi iko wapi?" Nikiwaambia, wanaweka vitenge chini tunalia kwanza, ndipo tunapima. Sare za kwaya ulizoacha umezikata nimezimaliza. Kola mbili zimekwenda upande. Ungezifumua, najua. Kwaya wanaimba nazo hivyo hivyo.

Saa ya chai ndiyo inayonishinda. Saa ile ulikuwa unasimama, unajigonga kiuno kwa ngumi, unafungua pindo la kitenge chako na kusema, "Ngoja ninywe mseto wangu." Tulikuwa tunacheka. Hapa kwetu nani asiyeujua mseto? Ni dawa ya malaria. Tuliambiwa mikutanoni na redioni kwamba dawa moja peke yake haitoshi tena, zichanganywe mbili ndipo vijidudu vife. Wewe ukaishika hiyo. Ukasema kama serikali yenyewe inachanganya kwa ajili ya malaria, mgongo wa fundi una kosa gani? Basi ukajitengenezea wako. Kidonge cha diklofenaki kutoka duka la dawa, ile tunayoiita diklo, pamoja na kidonge kidogo cheupe cha deksamethasoni, yaani deksa, ulichoanza kupewa na mteja wa kambini. Bado naisikia sauti ya yule mama wa Kikongo: "Kamata hizi kinini, mama, zitakutia nguvu." Alikutakia mema. Kwao kidonge chochote ni kinini, na mtu humpa kinini anayempenda.

Na kweli, ulikaa kwenye cherehani kutwa bila kulalamika. Hamu ya chakula ikaja, mashavu yakajaa, uso ukang'aa. Watu wakawa wanapita wakisema, "Fundi, umenawiri!" Mimi nilikuwa wa kwanza kukusifia. Hatukujua kwamba ni deksa inayokuvimbisha.

Siku moja nilikuuliza, "Fundi, dawa kila siku?" Ukaniambia, "Hii siyo dawa, mwanangu. Dawa ni ya mgonjwa. Hii ni mafuta ya mashine." Ndiyo maana kule kliniki ya presha, muuguzi alipokuuliza kama kuna dawa nyingine unayotumia, ulimjibu "Oya", yaani hapana, kwa Kirundi cha wazazi wako, na moyo mweupe kabisa. Hukumdanganya. Kwako wewe dawa ilikuwa ile ya presha tu. Mseto ulikuwa mafuta, na ile mizizi uliyochemsha jioni ilikuwa chai.

Sitaki kuikumbuka asubuhi ile lakini haitoki. Ulikuwa unapinda gauni la bibi harusi, ukainama, ukatapika damu juu ya kitambaa cheupe. Mimi napiga kelele, wewe unaniambia, "Kiloweke haraka, maji ya baridi, siyo ya moto!" Kwenye bajaji ndipo uliponiambia kwamba choo chako kilikuwa cheusi kama lami kwa muda, ukadhani ni isombe. Majani ya muhogo, Fundi! Tulikuwa tunakula isombe kila wiki maisha yetu yote. Hospitali walihangaika nawe mpaka jioni. Gauni nilililoweka baadaye. Doa halikutoka.

Msibani wengine walisema presha. Wengine walisema umerogwa, eti mtu hawezi kunawiri vile halafu afe ghafla. Mimi sikuridhika. Baada ya mazishi nilirudi hospitali kumtafuta daktari aliyekupokea, yule kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Nilimpelekea vidonge vilivyobaki kwenye kitenge chako. Alivitazama, akavua miwani. Akasema mseto wa malaria ulipimwa na watu wanaojua dawa ipi ikae na ipi, na kwa kiasi gani, lakini huu wetu tuliupima kwa macho. Akasema diklo peke yake inaweza kuchubua tumbo mpaka likatoka damu. Ukiongeza deksa juu yake, hatari inakuwa kubwa zaidi, na kwa kuwa zote zinatuliza maumivu, kidonda kinaweza kuchimba humo ndani na mwenyewe usisikie kitu. Tena diklo ile ile ilikuwa inaipandisha presha yako na kuchosha figo, huku wewe unameza dawa ya kuishusha. Kumbe kila asubuhi ulikuwa unavuta kamba pande zote mbili.

Nililia pale pale kwenye benchi. Halafu nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, Fundi, nisikufiche. Wewe uliyenichapa vidole kwa rula nikikata kitambaa bila kupima! Suruali ya mtu uliipima kiuno, paja na urefu, ukarudia. Tumbo lako hukulipima hata mara moja.

Nikiwa bado na hasira hizo nikakumbuka Kibondo. Nikakumbuka vile vifurushi ulivyokuwa unavifunga kwenye vipande vya kitenge na kumpa konda wa basi: "Mpelekee mdogo wangu, mgongo unamsumbua." Mama Renata naye ana presha. Naye alikuwa anakunywa mseto wako.

Nilifunga baraza nikapanda basi. Alinipokea kwa furaha, akanisongea ugali wa muhogo na migebuka, akaniita mwanangu. Mashavu yake yamejaa. Yanang'aa. Baada ya kunawa nikamweleza yote ya daktari, kisha nikamwambia anipe vidonge nikavitupe chooni. Akasimama. Mdogo wako ni mpole, unamjua, lakini siku ile sikuuona upole wake. "Dada yangu aliniachia kitu kimoja tu," akasema, "na wewe unataka kukitupa chooni?" Akakikamata kile kifundo cha kitenge, akakitia kifuani, akaenda kuanua maharage yake.

Nilijua kubishana hakutanisaidia. Mtu hawezi kushindana na mapenzi ya marehemu, na mapenzi yenyewe ni yako. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, na swali hilo kwetu halifai. Mtu wa umri wangu hamuulizi mama mambo ya chooni. Hata wewe na mimi, tuliokula sahani moja, hukuniambia mpaka tulipokuwa kwenye bajaji, na mimi nisingethubutu kukuuliza. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa kwenye mkeka anapeta maharage. Nikapiga magoti kama ninayemwamkia, nikauliza, "Mama Mdogo, unisamehe. Choo chako kina rangi gani?"

Ungo ukasimama hewani. Nilidhani atanifukuza. Akaangalia maharage, akaangalia njia, akasema polepole, "Kimekuwa cheusi." Halafu akasema, "Nilifikiri ni isombe."

Sikukaa chini, Fundi. Nilikwenda barabarani nikaita bodaboda mbili, moja yake, moja yangu. Hospitali, muuguzi akauliza lile swali lao, kama kuna dawa anayotumia. Mama Mdogo akafungua mdomo, nikaona "Oya" inakuja. Nikamwahi. "Mama Mdogo, achana na neno dawa. Mwambie kila kitu unachomeza ambacho siyo chakula." Akanitazama kama mtu aliyewashiwa taa. Akafungua kitenge. Ikatoka diklo, ikatoka deksa, ikatoka dawa ya presha, vikatoka vidonge vya kichwa alivyopewa na jirani, na kwenye kikapu kachupa ka mizizi. Muuguzi hakucheka wala hakumgombeza. Alivipanga mezani kimoja kimoja, akaenda kumwita daktari.

Diklo ilisimamishwa papo hapo. Lakini sikiliza la deksa. Daktari alisema mtu aliyeinywa muda mrefu hatakiwi kuikata ghafla, kwa sababu mwili umeizoea na umeacha kujitengenezea ya kwake. Ukiikata siku moja unaweza kuanguka ukazimia, hata ukafa. Inapunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepunguza. Umeona? Mimi niliyekuja na basi nikijiona mjuaji, ningemnyang'anya nikatupa yote chooni, nikarudi Kasulu nikijisifu. Ukaidi wa mdogo wako ulimwokoa kutoka mikononi mwangu.

Alilazwa, akaongezewa damu, akapewa dawa ya kuponya tumbo. Nilikaa naye. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi kutoka Kasanda. Nilipokuwa namwekea uji, naye nikamuuliza anameza nini nyumbani. Sasa siwezi kujizuia. Mama Mdogo akacheka, akasema nimekuwa polisi. Choo chake kimerudi rangi yake, na alikuwa ananitangazia mwenyewe kila asubuhi bila kuulizwa, mpaka mimi ndiye niliyekuwa naona haya. Ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mgongo unamuuma, naye anasema unauma kwelikweli. Wamempangia mazoezi na dawa nyingine inayoelewana na presha yake.

Hapa barazani pia nimeanza. Mafundi wenzetu wawili walikuwa na mseto wako kwenye mapindo yao. Wamenitukana kidogo, kisha wamekwenda kupima. Mteja wetu wa kambini nimemweleza taratibu, maana sikutaka ajione muuaji. Alilia sana. Akasema dada yake anazinywa hizo hizo ili anenepe, akaondoka mbio bila kuchukua gauni lake.

Bado moja. Jumapili tunaondoa matanga yako. Wazee walikaa kabla sijasafiri wakakubaliana kwamba atakayesimama kukuelezea aseme uliugua tumbo, yaishe, kwa sababu vikitajwa vidonge watu watasikia kwamba ulijiua. Nilipinga. Nikaambiwa mwanafunzi siyo ndugu, ninyamaze. Nilikuwa nimeshaamua kusimama hata kama watanitoa nje. Siku ya kuagana nikamwambia Mama Mdogo ili asije akashtuka siku hiyo. Alikuwa anajifunga kitenge. Akasema, "Wewe kaa. Nitasema mimi. Nitasema dada alinipenda mpaka akanigawia kilichomuua."

Basi kwaheri, Fundi wangu. Hasira zangu zimepungua, zilizobaki nitazitumia kazini. Nisamehe kwa kukutaja mbele za watu. Najua ulivyokuwa unaficha hata kikohozi. Lakini nakuahidi, Jumapili neno tumbo halitatumika. Mdogo wako atasema diklo, atasema deksa, kwa majina yake, huku amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na sauti ikimkwama nitaendelea mimi.

Pumzika.

Adela