Mabati ya Ukuta wa Nyuma

Jumatatu, 10 Julai 1978
Mabati ya mbele yameshuka. Kutu tupu. Velo ameyang'oa huku akipiga mluzi, mimi nimeyapanga uani. Chini yake mbao bado nyeusi kwa ule moto wa mwaka juzi, siku Wangazija tulipochomewa nyumba na wenyeji. Zitakwanguliwa. Nyumba ni ya Zaina, ndiyo ada yetu: binti hupewa nyumba, mume huhamia. Bwana harusi anatoka kisiwa cha Nosy Be, atafika kabla ya Ramadhani. Simwingizi kwenye kutu.

Naandika Kiswahili cha marehemu baba. Mtaa mzima wa Tsaramandroso sijui wa kukisoma.

Jumanne, 11 Julai
Ubavu wa mashariki. Mchwa. Velo hataki ujira, hata chai kainywa wima. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenyeji, fundi wa mitumbwi. Zaina humwita baba tangu mume wangu Hamadi afe. Nikimtajia ukuta wa nyuma anasema bado mzima, tuuache. Mzima wapi. Ndio uliooza kuliko zote.

Alhamisi, 13 Julai
Jana Velo alipigilia misumari mipya kwenye bati la nyuma. Nani hukaza kinachong'olewa? Leo hakuja.

Ukuta ule ndio wenye dirisha la chumba alimofia Hamadi. Mimi na Zaina tulikuwa kwa dada. Mlango uliwaka, dirisha likakataa, moshi ukammaliza. Dirisha hilo nililipaka rangi mwenyewe wiki ileile, mara mbili. Watu wakasema rangi imeligandisha. Hakuna aliyenilaumu usoni. Nimejilaumu mwenyewe, kila siku.

Eda nilikaa hukohuko kwa dada, miezi minne na siku kumi, sikutoka. Niliporudi, Velo alikuwa ameshaizungushia nyumba mabati, dirisha nalo ndani yake. Bure. Nililia kwa shukrani. Sikutaka kuliona tena.

Ijumaa, 14 Julai
Nimechukua mtaimbo mwenyewe. Bati la kwanza. La pili. Dirisha.

Misumari minne. Imepigwa kutoka nje, kila pembe mmoja. Ya shaba, vichwa vya mraba, ya mitumbwi. Mtaani hapa anayeifua ni mtu mmoja tu.

Nimeihesabu tena. Minne.

Jumamosi, 15 Julai
Velo kaja, kaona bati liko chini. Akavua kofia. "Azafady," akasema. Azafady tena. Neno lilelile la samahani analosema akimkanyaga mtu mguu sokoni. Eti wachomaji walimsimamia na panga. Labda. Kikulacho ki nguoni mwako, baba alikuwa akisema, na mimi nikadhani anazungumzia chawa. Misumari imeingia wima yote minne, hakuna hata mmoja uliopinda. Mkono haukutetemeka. Namchukia. Nauchukia na mluzi wake.

Nimemwambia Zaina yote. Nilidhani atataka tuhamie Nosy Be. Hakulia. Amesema harusi ni hapahapa, na ukuta wa nyuma usifunikwe.

Jumapili, 16 Julai
Asubuhi nimeing'oa misumari. Nimeiweka kwenye kizingiti cha Velo, minne, kwa mstari. Mlango wake umefungwa. Mluzi hakuna.

Kisha nikarudi nikalisukuma dirisha kwa kidole. Likafunguka. Rangi haikuwa imeshika popote.