Mbuzi wa Kanali Tumemla, na Mama Bado Hajui

Shangazi Hilda, shikamoo. Naomba unisaidie na usitaje jina langu gazetini, mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mtu wa aibu sana, hata mwalimu akiita majina asubuhi naitika kwa kunyoosha kidole tu, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu.

Mama yangu ni raia lakini anafanya kazi kwenye kambi ya jeshi, siitaji ni ipi. Hana cheo, havai kombati, ila serikali imemweka pale asimamie matumizi ya fedha, na bila sahihi yake hainunuliwi hata kamba ya buti, kwa hiyo wanajeshi wenye vifua kama milango wanamwogopa mama yangu mfupi mwenye kandambili. Sasa kuna kanali mmoja, tumwite Kanali Aminieli, anataka bendi ya kambi inunuliwe matarumbeta mapya, na mama amekataa, nilimsikia mwenyewe kwenye simu akimwambia, "Afande, paa la zahanati yenu linavuja. Hayo matarumbeta mtampulizia nani, mvua?"

Mama akaenda semina Morogoro, nikabaki hapa Kilema mlimani na bibi yangu mzaa mama, Bibi Mektrida. Juzi Jumamosi natoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo uko kichwani, nakuta gari la jeshi uani, kanali mwenyewe ameshuka, na wanajeshi wawili wamemshika beberu mnene mwenye utepe mwekundu shingoni. Wale wanajeshi wakanipigia saluti. Na mimi nikapiga saluti, mzigo ukaanguka, mbuzi akaanza kula. Kanali akacheka, akasema, "Mwambie mama hii ni salamu ya bendi." Shangazi, nilijua palepale kwamba ni rushwa, somo la uraia tumesoma, nilitaka kusema hapana, lakini shuleni tunafundishwa kwa Kiingereza na nikiogopa Kiswahili chote kinakimbia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Thank you, sir." Mara mbili.

Walipoondoka nikamwambia bibi mbuzi huyu arudi. Akanitazama kama nimetukana kanisani. "Wewe mtoto! Mtu katoka kote huko na mbuzi wake, nimfukuzie getini? Watu watasemaje?"

"Bibi, anataka sahihi ya mama."

"Basi mama yako asitie sahihi. Mbuzi ana kosa gani?"

Jua halijazama beberu ameshachinjwa, na bibi akagawa kama desturi yetu inavyotaka, kila kipande na mwenyewe, mbavu kwa babu mdogo Sirili, mguu kwa mwenyekiti wa kitongoji, shingo kwa katekista, supu kwa kila aliyepita na kikombe, na kidari, ambacho ndicho fungu la mama, kinaning'inia juu ya moto kikikaushwa. Yaani kitongoji kizima kimekula rushwa na wanaojua ni mimi na bibi tu. Mimi nilipewa ini. Lilikuwa tamu, nisikudanganye.

Jana kanali alipiga simu kumuuliza bibi kama salamu zilifika, bibi akamjibu zimefika na zilikuwa na mafuta mazuri. Bibi anasema ninyamaze, na mama akija kukasirika atampa jani la isale, maana hapa kwetu ukiombwa msamaha kwa isale huwezi kukataa. Ameshalichuma, liko mezani kwenye kikombe cha maji. Lakini mimi naogopa mama atafukuzwa kazi kwa ajili ya mbuzi ambaye hakumwona hata pembe. Nikisema namchongea bibi, nikinyamaza namponza mama, na anarudi mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Mimi Mwenye Aibu, Kilema

*

Mwenye Aibu, marahaba.

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikaacha kucheka, maana hapa kazi ya mtu iko hatarini. Mama yako amewekwa pale akiwa raia ili asiwe na mkubwa wa kumpigia saluti anapotaka kusema hapana. Kanali alikuja kuinunua hiyo hapana. Kwa mama yako aliikosa, akapanda mlima kuitafuta kwako.

Pole, mwanangu. Kupigiwa saluti na wanaume wawili wenye buti, hata mimi ningeangusha majani. Ila kwa lile ini sikupi pole. Ulijua ni rushwa, ukatafuna, na kwa ulivyoandika nashuku uliongeza.

Bibi Mektrida, shikamoo, sasa nisikilize. Isale itamaliza hasira ya binti yako, sibishi. Wakaguzi wakija, wao hawapokei majani. Na kwa ile simu ya mafuta mazuri, kanali sasa anaweza kusema nyumba yenu ilipokea, ilikula na ilisifu.

Binti, usingoje mwisho wa mwezi. Mpigie mama leo, ili yeye ndiye awaeleze wakubwa wake kwanza. Wakisikia kwake ni taarifa, wakisikia kwa kanali ni kesi. Kidari kikae hapohapo juu ya moto, ndio ushahidi pekee ambao hamjaumeza. Bibi anunue beberu wa ukubwa uleule sokoni Himo kwa fedha zake za ndizi, kwani yeye ndiye aliyeshika kisu, lakini msithubutu kumpeleka kambini wenyewe! Mkionekana getini na mbuzi, watu watasema nyinyi ndio mnamhonga kanali. Huyo mbuzi mfungeni nyumbani mpaka mama aseme arudishwe vipi na mbele ya nani. Huko si kumchongea bibi. Mweleze kabla ya kupiga, tena mkae wote wawili kwenye simu.

Unasema huwezi kuongea. Nani kakuomba hotuba? Sema tu, "Mama, yule kanali wa matarumbeta alileta mbuzi, nikapokea, tumemla." Kisha nyamaza, hilo unaliweza. Atapiga kelele. Sogeza simu mbali na sikio, usiikate. Kelele zikiisha atakuuliza taratibu mbuzi alikuja siku gani, nani alikuwepo, na kanali alisema maneno gani hasa. Hapo ujue ameshaanza kazi. Mjibu kila swali.