Mke Wangu Hunisimamisha Ndoa Kila Miezi Mitatu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie haraka maana siku yangu ya kusimamishwa inakaribia na safari hii mke wangu ni mjamzito. Mimi na yeye tuko kiwanda kimoja cha sabuni, mashine moja, yeye anakata miche na mimi naifunga, ila yeye ni mwajiriwa wa kudumu, ana aproni ya bluu na anapita geti la mbele, mimi ni kibarua wa fulana ya njano nisiyeruhusiwa hata kukalia kiti chake wakati wa chai, na kila miezi mitatu ikikaribia kutimia kiwanda kinanisimamisha siku moja, kesho yake kinaniajiri upya kana kwamba hakijawahi kuniona, ili nisije nikahesabika wa kudumu. Hayo nimeyazoea. Sasa mwaka jana tuligombana kidogo juu ya nani ana sauti nyumbani, akasema, "Kumbe nawe umeshaanza kujiona wa kudumu," nikacheka, nikadhani utani, lakini miezi mitatu ilipokaribia nikakuta begi langu mlangoni na yeye ananiambia kwa upole kabisa, "Mume wangu, nenda ukalale kwa dada yako, kesho uje uombe upya." Nikaenda. Niliporudi nilimkuta mezani na mama mkwe, wakaniuliza nina uzoefu gani wa kuwa mume, nikajieleza, mama mkwe akasema watanipigia simu, nikasubiri nje mpaka wakaniita. Tangu hapo ndio utaratibu, na shemeji zangu wananiita Mkataba. Kinachoninyima usingizi ni kwamba daktari ametaja wiki ya kujifungua na ni wiki ileile ya kusimamishwa kwangu, naogopa mwanangu atazaliwa siku ambayo mimi si mtu wa nyumba ile. Nimemwomba mke wangu asogeze tarehe, anasema akinifanyia mimi itabidi awafanyie wote. Wote kina nani, mshauri?

Mume wa Muda

Pole sana ndugu yangu, hata mimi hilo swali lako la mwisho limenishinda. Ila nikuulize, begi alilibeba nani? Mkeo alilifunga tu, wewe ukalipeleka kwa dada yako kwa miguu yako mwenyewe. Kiwanda kimekuzoesha kuondoka ukionyeshwa mlango, na mkeo ameona kazini jinsi mtu anavyokuwa mpole akiwekwa roho juu, akaona hata nyumbani itamfaa. Nawe mama, kama unasoma, aproni umepewa na waliowagawa. Usiwafanyie kazi ya bure chumbani kwako.

Sasa sikiliza. Leo hii kaa na mkeo, wawili tu, mama mkwe asiwepo, umwambie unaogopa kukosa kuzaliwa kwa mwanao. Ulimwomba tarehe, hofu yako hukumwambia. Begi likitokea mlangoni, lirudishe kabatini, nguo uzipange. Kiwandani nako acha kunung'unika peke yako, wakusanye wenzako wa njano mwende ofisi ya kazi mkaulize hiyo siku moja inatoka sheria gani. Nakuambia hivyo nikiwa najua, maana gazeti hili huniajiri upya kila toleo.

Na siku ya uchungu usingoje kuitwa na mtu. Mshike mkeo mkono, mwende hospitali, na muuguzi akikuuliza wewe ni nani, sema, "Mimi ndiye baba," kisha uingie.