Baiskeli ya Mikono ya Kavira

Papa Mukendi,

Kabla sijakusalimia, acha nikugombeze kidogo. Uliondoka ukaniachia vipimo vya Kavira ukutani, nambari sita za chaki na mshale mmoja, bila neno la maelezo. Na ulijua vizuri kwamba kichwa changu ni kigumu, kwamba nikishaona nambari nazifuata kama amri ya polisi. Sasa keti, usikie yaliyonipata.

Nianze na habari za nyumbani. Atelier yako, karakana yetu, bado iko palepale mtaani kwetu Kenya, kati ya kanisa na mashine ya kusaga mahindi ya Papa Ngoie. Lile bati lililokuwa linavuja upande wa mlango limebadilishwa. Baada ya matanga ndugu zako walitaka kuiuza poste, ile mashine yako ya kuchomelea chuma, na sikuwakasirikia sana, maana nao walikuwa wanalia tu hawajui la kufanya. Ni mke wako, Mama Antoinette, aliyesimama mlangoni na nguo zake nyeusi akawaambia: "Mashine inabakia. Chola iko, kazi iko." Wakaiacha. Mimi nilikuwa nyuma yake, na ukweli ni kwamba siku ile Chola hakuwepo kabisa. Chola alikuwa anawaza kwenda kwa binamu yake Sakania, auze vitenge mpakani, asishike chuma tena.

Lazima nikuambie na hili, hata kama litakuumiza. Ulipokufa niligombana na Mungu. Akina mama wa kanisa walikuja kuniimbia uani, nikawafungia mlango. Nilisema: mtu ambaye homa ya utotoni ilimkausha miguu, asimlaumu yeyote, akatumia maisha yake kuwatengenezea walemavu wenzake baiskeli za mikono kwa mabomba ya chuma chakavu, huyo ndiye wa kuchukuliwa? Na wale walevi wa avenue yetu wanabaki, wazima wa afya, wanapiga kelele tangu asubuhi? Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu jikoni nikisonga bukari, ikaungua. Jumapili nyingi zilipita bila mimi kukanyaga kanisani.

Kilichonirudisha atelier si imani, Papa, nisikudanganye. Ni Kavira.

Unamkumbuka yule mfanyabiashara wa maharage, mzaliwa wa Butembo, aliyekuja kwako akitambaa na kandambili mikononi. Alikuwa na mimba changa siku ile. Ulimpokea vile ulivyowapokea wote: ukashuka kwenye baiskeli yako, ukaketi kwenye simenti mkatazamana macho kwa macho, ndipo ukatoa metre yako ya kupimia. Mimi mara ya kwanza nilipojaribu kumpima mtu huku nimesimama ulinikemea mbele ya wateja. "Muntu anapimwaka na muntu mwenye kuikala karibu yake. Shuka, Chola." Nilishuka, nikanuna mpaka jioni.

Basi, mwezi mmoja baada ya mazishi dada yake Kavira akaja. Akasema Kavira amezaa, mtoto wa kike, Furaha, na ubatizo umewekwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Anauliza baiskeli yake. Nilitaka kumwambia atafute fundi mwingine mjini, lakini yule dada hakuwa amemaliza. Akanieleza kwamba tangu utoto Kavira akiingia kanisani hubebwa na vijana wa kwaya, mmoja kwapa hili, mmoja lile, kama mfuko wa makaa. Alibebwa siku ya ubatizo wake. Alibebwa siku ya harusi yake, na shela ikamponyoka njiani, watu wakacheka. "Sasa anasema, mutoto wangu asinione nabebwa. Siku ile anakatala."

Papa, mtu akikuambia hivyo utasafiri kwenda Sakania namna gani?

Nikafungua atelier. Nikafagia. Nikafuata chaki yako nambari kwa nambari: upana wa nyonga, urefu wa mkono, umbali wa kutoka kifuani mpaka kwenye pedali za mikono. Kila kona niliipiga tupa, halafu nikapitisha juu yake kitambaa cha pamba kama ulivyonifundisha, na kikinasa hata uzi mmoja narudia, maana ngozi ya miguu isiyohisi haimwambii mwenyewe kwamba imechanika. Egemeo la mgongo nililiinua juu, imara, chuma nyuma na godoro mbele, kama yale tuliyowatengenezea akina papa wote wa soko. Nikapaka rangi ya bluu. Nilipomaliza nilisimama mbali nikaitazama, na nikuambie bila haya, nilijisifu. Nilisema Papa Mukendi mwenyewe asingepata kosa.

Alhamisi kabla ya ubatizo Kavira akafika kwa moto, pikipiki ya kukodi, mtoto mgongoni. Alipoiona ile bluu akafunika uso kwa mikono miwili. Akajivuta, akapanda mwenyewe, akageuka aegemee. Akasita kabla mgongo haujagusa. Akanitazama, akaniuliza polepole, bila ubaya wowote: "Na mutoto, ataikala wapi?"

Nikazunguka nyuma yake, nikatazama. Egemeo lilikuwa pale pale ambapo Furaha alikuwa amefungwa. Akiegemea, anambana mtoto kwenye chuma. Akimweka mbele, mikono yote miwili inazungusha pedali na viwiko vitampiga usoni. Nilikuwa nimemtengenezea mama wa Kikongo baiskeli isiyo na nafasi ya mgongo. Vipimo vyako vilikuwa sahihi, vya mwanamke ambaye hajazaa bado, lakini mimi nilijua amezaa, niliambiwa hata jina la mtoto, na sikufikiri.

Wewe unajua kwa nini sikufikiri. Tangu nimzike Ruth wangu, miezi mitatu tu duniani, na baba yake akaondoka akisema nyumba ina kiza, sijafunga kitu mgongoni. Hata fungu la nguo nalibeba kichwani. Ulipompokea mwanamke aliyekuwa hasemi, ukampa miwani nyeusi na tupa bila kumuuliza maswali, ulifikiri unamfundisha kazi. Mimi nilikuwa najificha kwenye cheche. Nilisahau kabisa kwamba mgongo wa mwanamke ni mahali pa mtu.

Nikamwambia Kavira ukweli kwamba nimekosea. Akasema basi, ataingia hivyo hivyo, mtoto atabebwa na dada yake nyuma. Lakini alisema huku anatazama pembeni, na nikaelewa kwamba atakuwa amefika mbele mwenyewe, na mtoto wake ndiye atakayebebwa na mtu mwingine. Tungekuwa tumehamisha aibu tu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nikasema hapana. Niachie mpaka Jumamosi.

Kuna kipimo ambacho hakikuwepo ukutani, Papa, nacho huwezi kukichukua kwa metre peke yake. Lazima ujue mtoto anakaa wapi mama akiinama kuzungusha, anashuka kiasi gani mama akinyooka, miguu yake inatokeza wapi. Kavira hakuweza kukaa kwenye kiti na mimi nikamwona kutoka pande zote, kwa sababu egemeo lilizuia. Ilibidi akae mtu mwingine, mwenye miguu, anayeweza kujiinua pale mbele kidogo. Tulikuwa wanawake wawili tu pale. Nikanyoosha mikono.

Alinipa Furaha kama mtu anavyotoa kitu cha kawaida. Hakujua. Nilimtupia mgongoni, nikainama, nikazungusha kitenge, mikono ikafunga fundo yenyewe kama haijawahi kuacha. Nikapanda kwenye kiti cha bluu, nikazungusha pedali na Kavira akiwa chini ananipima kwa metre yako. Mtoto alihema kwenye shingo yangu, halafu akalala. Nililia, Papa. Nililia kwa sauti mbele ya mteja, machozi yakaanguka kwenye rangi mpya. Kavira aliendelea kupima. Alisoma nambari tu, na kila akisoma sauti yake ilikuwa inashuka, mpaka mwisho alikuwa ananong'ona.

Nilipomrudishia mtoto wake, nilijua nimepatana na Mungu. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Sikupewa jibu lolote la maswali yangu ya jikoni. Nilipewa uzito mgongoni kwa nusu saa, na ulinitosha.

Lakini shetani naye si mvivu. Ijumaa umeme ukakatika mtaa mzima. Jumamosi asubuhi bado. Egemeo nilikuwa nimeshalikata kwa msumeno wa mkono, sasa baiskeli imekaa pale imevunjwa nusu na poste imekufa. Nikaenda kwa Papa Ngoie, kwenye jenereta ya mashine yake ya kusaga. Unamjua, kumwomba kitu ni kama kung'oa jino. Na mbele yake akina mama wamepanga mstari mpaka barabarani, kila mmoja na beseni la mahindi, jua limeshapanda. Nikaeleza shida yangu, nikaomba asimamishe kusaga niunganishe waya. Papa Ngoie akanionyesha mstari, akasema: "Uulize bo." Nikageuka, nikawaambia ni baiskeli ya Kavira, ya ubatizo wa kesho.

Mama mmoja wa katikati, simjui jina, akaweka beseni lake chini akalikalia. "Kavira wa maharage? Tungojee. Bukari itakawia, njo nini?" Wengine wakaguna, mmoja akasema watoto wana njaa, mwingine akamwambia wako watakula saa nane hawatakufa. Wakaketi wote. Wewe ulipenda kusimulia habari za yule mgonjwa wa Biblia aliyeshushwa na marafiki zake wanne kupitia paa, ukacheka peke yako: "Bantu bote banasifiaka barafiki bane. Na kile kitanda, nani alikitengeneza?" Mimi sasa nakuongezea, Papa: na waliosubiri chakula wakati kinatengenezwa, nani aliwasifu?

Nilichomelea kama mtu anayefukuzwa. Lile egemeo la juu likawa mikono miwili ya chuma inayomshika Kavira kwenye nyonga, na mkanda mpana wa chini kiunoni. Nyuma, mbali na mgongo, nikazungusha bomba moja jembamba ili pikipiki na watu wasimguse mtoto. Katikati pakabaki wazi. Nikapitisha kitambaa cha pamba kila mahali. Kilipita bila kunasa, na akina mama wakapiga vigelegele, halafu wakasimama kugombania mstari kama kawaida.

Sasa Jumapili. Nilirudi kanisani, nikaketi nyuma karibu na mlango kama mgeni. Mchungaji akawaita wazazi wa watoto wa kubatizwa. Vijana wawili wa kwaya wakasimama kwa mazoea, wakaanza kushuka kumfuata Kavira. Akawainulia kiganja. "Muache." Wakarudi.

Akaja kutoka mlangoni, bluu ile inang'aa, Furaha mgongoni, kitenge kipya cha njano. Papa, mabenchi yetu yamekaribiana sana. Hatua chache tu gurudumu likagonga benchi la akina papa, akakwama.  Mimi nilishasimama niende kumsukuma, na yeye akanisikia, akageuza kichwa: "Chola, hapana." Akabaki pale, mikono kwenye pedali, akingoja.  Ndipo mzee wa benchi lile akainuka, akamgusa jirani yake, wakalinyanyua benchi lao wakalisogeza ukutani. Likafuata la pili. Wakaendelea hivyo mpaka mbele, wanaume na suti zao za Jumapili wanabeba mbao, na njia ikafunguka pana. Kavira akazungusha, akapita katikati yao mgongo umenyooka, akafika kwenye maji kwa mikono yake mwenyewe. Akafungua fundo, akamtoa mtoto nyuma, akamkabidhi mchungaji.

Kelele zilizofuata ulizisikia, nina hakika. Kwaya haikungoja ishara. Wakati wa sadaka watu walicheza kwenda mbele kama siku zote, na Kavira akacheza nao: gurudumu mbele, gurudumu nyuma, nusu mduara kushoto, mtoto anaruka mgongoni anashangaa dunia. Mama Antoinette alivua kile kitambaa cheusi cha kichwa akakipunga juu. Mimi niliimba mpaka sauti ikakauka. Mabenchi hayajarudishwa, na mchungaji amesema yatabaki hivyo.

Ahadi yangu ni hii. Kabla ya kufungua metre nitamwuliza kila mtu anabeba nini. Nimeshaanza. Juzi alikuja mzee kutoka Kipushi aliyepoteza miguu yake yote miwili. Niliketi naye chini, nikamwuliza. Akasema: "Mama, hakuna muntu alishaniuliza ile." Ni fundi wa nguo. Anabeba cherehani. Nimeshapata pa kuiweka.

Basi, lala salama, Papa yangu. Najua huko hutambai, na magurudumu huyahitaji tena. Ukimwona Ruth, umfunge mgongoni utembee naye. Umwambie mama yake yuko kazini, atachelewa kidogo.

Chola