Kadi Mpya ya Shemeji

Shoga, uko wapi? Dada amefika kwangu sasa hivi, macho yamemwiva kwa kulia.

Unaijua ile kompyuta kuukuu ya shemeji, ya kuchezea gemu? Leo dada kaifungua mwenyewe, kachomoa kadi ya picha iliyochoka, kapachika mpya. Zawadi ya kumshtukiza!

Kaiwasha aijaribu. Gemu ikafunguka, picha zinang'aa kama kioo. Mara sauti za wenzake shemeji wa mchezoni, wakidhani ni yeye kaingia, zikatoka kwenye spika: "Vipi mwanangu, Askari Jela kakufungulia leo?" Wakaangua kicheko.

Askari Jela ni dada. Dada huyu huyu anayemtetea mumewe kwa mama kila siku!

Akasogelea maikrofoni: "Nani kanipa jina hilo?"

Mmoja akajibu, "Samahani shemeji. Ni mumeo mwenyewe."

Mumeo mwenyewe, shoga!

Hakugombana na mtu. Kazima, kaichomoa ile kadi mpya, kaitia mkobani, kompyuta kaiacha wazi, kaja.

Sasa shemeji karudi kutoka kazini, kanipigia. Unadhani kamuulizia mkewe? Thubutu! Kauliza, "Nani kaifungua kompyuta yangu?"

Na dada yuko pembeni yangu, anasikia.