Turubai Mbele ya Dirisha

Katonga, Kigoma

Dada yangu mpendwa Asnath,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua cha mama kimetulia sasa baridi ya Upareni imepungua. Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Jioni watu wote hapa hutazama ng'ambo, upande wa Kongo, jua linakozama. Mimi hugeuka nyuma, mliko ninyi.

Ulisema mama anataka mjomba aniombee kazi huko nyumbani, kwa kuwa nililalamika kwamba macho yananichoma kama yametiwa mchanga. Kabla mjomba hajaenda, naomba unisikilize.

Hapa tunaunda boti za chuma, na karani ni mimi peke yangu. Dirisha langu, ambalo lina wavu tu bila kioo, linatazama mahali mafundi wanapochomelea. Mmoja wao ni Bariki, Mha wa Mwandiga. Alikuwa na kofia ya zamani yenye kioo cheusi, ambacho hakimwonyeshi kitu kabla moto haujawaka. Basi aliifunua, akalenga, akafumba macho na kukigusa chuma kwa kubahatisha. Wote hapa walifanya hivyo. Jioni alijilaza na vipande vya viazi vibichi machoni, na wenzake wakamtania kwamba anakaanga chipsi usoni.

Nilipopendekeza kofia mpya, ambazo kioo chake hujitia giza chenyewe, bosi wetu Mzee Selestini alikataa. Alisema kioo kinachongoja moto uwake ndipo kiwe cheusi ni kama mlinzi anayeamka mwizi ameshaondoka. Niliogopa, dada. Nikikosea, mtu atapofuka kwa neno langu. Nikasoma kila nilichopata, kisha nikamuuliza daktari wa macho. Alinieleza kwamba miale inayounguza huzuiwa na kioo hicho wakati wote, hata kabla hakijawa cheusi, hata betri ikiisha. Giza ni la kupunguza mwanga, nalo huingia kabla hujapepesa. Kwa hiyo kofia mpya inalinda sawa na ya zamani, mradi isiwe ya bandia na kiwango cha giza kilingane na kazi. Tena fundi hana haja ya kuifunua. Mzee akakubali, shingo upande.

Bariki amepona, na viazi sasa anavila. Mimi sikupona. Siku moja alinikuta najifuta machozi, akauliza karani anachomelea nini kwa kalamu. Akatazama kiti changu, akatazama dirisha, akaondoka bila utani wowote. Kesho yake akatundika turubai kati ya dirisha langu na mahali anapochomelea.

Usimwambie mama. Kazi haikuniumiza. Nilijua mwanga ule humwumiza hata anayetazama kutoka mbali, na bado nilimtazama, kila siku, bila kofia yoyote.

Sasa macho yameanza kutulia, lakini tangu asubuhi hadi jioni nasikia tu chuma kikilia nyuma ya turubai. Jana alasiri kelele zilikoma. Bariki akainua pembe ya turubai, kofia mkononi, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, kana kwamba siku yetu ndiyo kwanza inaanza. Nikaitikia.

Mwambie mjomba asiombe kwanza.

Mshike mama mkono kwa niaba yangu, na dagaa niliompa Veneranda awaletee mwaoshe vizuri.

Mdogo wako anayewakumbuka,
Elinipa